Bati la Ekzosi

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imepiga Tabora usiku kucha, na asubuhi hiyo mawingu yalikuwa bado yameinama juu ya mabati, mji mzima ukinukia udongo mbichi.

Kwenye gereji ya Adinani, Wilbroad hakuwa na salamu ndefu. Alitoa simu, akaongeza sauti, akamwekea fundi sikioni.

"Sikiliza, fundi. Mlio huu unatoka wapi?"

Adinani alifumba macho. Kwenye simu injini ilikuwa inanguruma, na ndani ya ngurumo hiyo kitu kilitetemeka: kwatakwatakwata, kikanyamaza, kwatakwata tena. Mwishoni mtu alicheka.

"Wewe nawe! Gari linaugua, unacheka?"

Wilbroad aliirudisha simu mfukoni.

"Haya. Beringi siyo. Beringi ingegonga ngo, ngo, ngo, na gari ungelileta kwa kuvutwa. Tapeti nayo hulia tik-tik, haipumziki. Hii inanyamaza ukikanyaga mafuta, inarudi ukiachia. Hebu washa tulisikie lenyewe."

Wilbroad aliwasha. Injini ilinong'ona kama mtu anayesali peke yake. Adinani aliinama, akasikiliza. Akachuchumaa, akasikiliza tena. Hakuna kitu.

"Ndiyo tabia yao," alisema. "Gari likimwona fundi linapona, kama mtoto akiona sindano. Lakini mimi halinidanganyi." Akajiburuza chini ya gari, akagonga kitu kwa kucha. "Magari ya aina hii yote yana ugonjwa mmoja. Unaliona bati hili linalokinga joto la ekzosi? Bolti yake ya mbele ikilegea, bati linacheza, ndipo unapata huo wimbo wako. Sasa hivi imekaza."

"Bolti ya mbele," Wilbroad alirudia. "Ikilegea kiasi gani?"

"Kidogo tu. Unakwenda mbali?"

"Itetemia. Kwa baba."

Fundi alitoka chini ya gari, akamtazama upya. Habari ile aliijua. Siku Wilbroad alipomleta Nibizi, binti wa Ulyankulu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, Mzee Lugembe aliwafukuza wote wawili, akasema ukoo wake hautazaa wakimbizi. Tangu hapo Wilbroad hakukanyaga ua wa baba yake, wala jina lake halikutajwa mle ndani.

"Amekuita?"

"Dada yangu Leonia amepiga simu. Mzee yuko mahututi, na anakataa mpako wa wagonjwa. Padri alikwenda, akarudishwa mlangoni. Anasema hapakwi mafuta mpaka mwanawe afike. Amelala anasikiliza barabara tu."

"Alhamdulillahi!" Adinani alijifuta mikono kwenye suruali. "Si nilikwambia? Hasira za mzazi ni za mdomoni, bwana. Nenda, usimchoshe mzee. Na spana hii chukua, bolti isije ikakusumbua njiani."

Wilbroad aliipokea kwa mikono miwili.

Alipokaribia Itetemia alisimama kando ya shamba la karanga. Akavua shati jeupe, akatandika gunia kwenye tope, akaingia chini ya gari. Aliipata bolti kwa kidole, akaizungusha kwa spana. Akatoka, akawasha, akatega sikio. Hakuridhika. Alirudi chini, akazungusha tena kidogo, akawasha, akasikiliza kwa muda mrefu akiwa ameegemea usukani.

Kisha alijifanyia ishara ya msalaba kwa vidole vyenye oili.

"Bwana," alisema, "usinihesabie hili."

Ua wa Mzee Lugembe ulikuwa umejaa. Wazee wa jumuiya walikaa barazani na rozari mikononi, na padri alikuwa amesimama pembeni na kimkoba chake cha mafuta matakatifu. Leonia alitoka mbio, kichwa kimenyolewa upya, akaushika mlango wa gari kwa mikono yote miwili. Wilbroad alikuwa bado hajazima injini, bati likilia kwatakwatakwata, sauti ilipotoka dirishani, nyembamba, yenye furaha.

"Nyamazeni! Mlio huo naujua mimi. Si niliwaambia atakuja? Huyo ni Revo wangu!"

Wazee waliinamisha vichwa. Revocatus, kaka yake Wilbroad, alikuwa ameshazikwa Nzega, na gari lake, la aina hii hii, lilikuwa limepondwa likabaki vyuma tu; mlio wa gari hilo na kicheko cha mwenyewe vilikuwa vimebaki kwenye simu ya Wilbroad. Habari hiyo waliizuia wote isifike kitandani.

Wilbroad alizima gari, akaingia ndani, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Tangu utotoni, hata mama yao alishindwa kuitofautisha sauti yake na ya Revo.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, Revo." Macho ya mzee, yaliyokwisha kufa siku nyingi, yalitazama dari. Mkono wake ulipapasa hewani mpaka ukalipata bega. "Sasa padri aingie, niko tayari. Ila kwanza wewe uniahidi jambo, wazee hawa wakisikia. Siku ya kunizika, yule Wilbroad asitie udongo kaburini kwangu. Asisogee hata. Sema kwa sauti, ndipo nipakwe."

Leonia aliziba mdomo kwa khanga. Padri alisimama kizingitini, hakuingia wala hakurudi. Wazee walimtazama aliyepiga magoti, kisha wakatazama chini.

"Sema, mwanangu. Nimechoka."

"Naahidi, baba," alisema kwa sauti, barazani wakasikia. "Wilbroad hatatia udongo kaburini kwako."