Kerrow na Mdomo wa Mwisho

Wallahi, haya ni kweli tupu. Anayebisha apande lori la mifugo mpaka Wajir, akaulize visimani.

"Meno!" Kerrow alitema mate mchangani. "Umesoma miaka yote hiyo, Iftin, ili uje utuhesabie meno? Mimi ngamia nikimfungua mdomo tu, nakwambia alizaliwa mvua za mwaka gani."

Dalali huyo wa ngamia alikuwa ameziba lango la shule, mikono kiunoni. Ndiye mwenyekiti wa kamati. Asiposogea, hapiti mtu. Ndani ya uwanja, watoto arubaini wamepanga foleni. Nje, Daktari Iftin, mzaliwa wa hapo hapo, na madaktari wenzake wawili wa Nairobi waliotumia likizo yao kuja kutibu meno ya watoto bure. Wale wawili Kerrow hakuwapa hata salamu. Mtu anayefanya kazi bila malipo ni ama mwizi, ama mjinga.

Mjukuu wake Weris alikuwa kwenye foleni, shavu limevimba kama kibuyu. Siku ya tatu hajameza hata maziwa.

"Adeer, mzee wangu, mtoto anaumia," Iftin akasema.

"Litaiva, litapasuka, atapona. Na sisi tulikua hivyo hivyo."

"Basi tushindane. Nitatundika shuka yenye tundu. Utaona mdomo tu, utaje umri, mara nne. Ukikosa hata mmoja, wewe unakaa kitini wa kwanza kutibiwa meno, na watoto wote wanafuata."

"Nisipokosa?"

"Tunafunga mizigo kabla ya adhuhuri."

Kerrow alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Shuka ikafungwa kati ya gari la madaktari na ukuta wa shule. Mdomo wa kwanza ukachungulia tunduni. "Saba." Kweli. Wa pili: "Tisa, na bado ananyonya kidole." Kweli; mama mtu akajifunika uso. Wa tatu: "Kumi na moja, mwizi wa sukari." Watu wakapiga makofi. Wale wa Nairobi wakaanza kufunga masanduku, taratibu, kama watu waliofiwa.

"Umebaki mmoja," Iftin akasema.

Ukatokea mdomo ambao Kerrow hajapata kuuona nchi ile. Pale kila mtu maji ya kisima yamempaka meno rangi ya chai. Haya yalikuwa meupe pe, yamejipanga kama askari wa gwaride, pengo hakuna.

"Mnanichezea!" akanguruma. "Mmeniletea binti wa Nairobi, mnywa maji ya bomba! Ishirini, wala haongezi. Hajaolewa. Wallahi, huyu ningemtolea ngamia kumi leo hii! Yule wangu wa nyumbani karithi mdomo wa mamake: boma la mbuzi lililovunjwa na fisi."

Safari hii hakupiga makofi mtu.

Nyuma ya shuka, mtu akasogea. Halafu kitu kikagonga ndani ya kikombe cha bati: tak. Kingine tena: tak.

Shuka ikavutwa. Akatoka Bibi Hawo, mama mzazi wa mke wake, fizi tupu, kikombe mkononi, na ndani ya kikombe yale meno yote, ya bandia, mapya.

"Kaa kitini, mkwe wangu," akasema. "Ufungue mdomo."