Kosa la Anayerudi Nyuma

Gurudumu la nyuma lilipanda kitu, likashuka taratibu upande wa pili. Hassani alikanyaga breki. Alikuwa ameendesha malori miaka kumi na mmoja, na mwili wake ulijua kwamba lile halikuwa gogo.

"Simama! Simama!" Ismaili, mnyapara wa uwanja, alikuwa akiipiga bodi ya lori kwa viganja. "Umeua, Hassani! Umemuua Iddi!"

Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, gati la Mtwara likijengwa, katika uwanja ambamo malori ya kokoto yalilala. Jua ndiyo kwanza lilikuwa likichomoza. Iddi, mpakizi, alilala chali baina ya lori la Hassani na lori jingine lililoegeshwa, kifua kimebonyea. Hakuwa amepiga hata ukelele. Mchanga chini yake ulilowa damu kidogo tu, haikujaa kiganja.

Inspekta alikuja na utepe. Alipima alama za matairi, akapima nafasi iliyokuwapo kati ya malori mawili yale, akaandika.

"Nani alikuongoza?"

"Ismaili, bwana. Nilimwona kwenye kioo. Alinipungia mkono: njoo, njoo, bado."

"Mwongo!" Ismaili alikuwa akilia machozi. "Nilimwambia asimame. Iddi alipita nyuma kufuata sepetu lake. Iddi huyu, tuliyekula naye sahani moja!"

Wapakizi wawili waliokuwa langoni waliapa kwamba walisikia "Simama." Walipoulizwa kama ilikuwa kabla ya kugonga au baada, walitazamana.

"Barabarani tungebishana," Inspekta alisema, akikunja utepe wake. "Uwanjani ni jambo jepesi. Anayerudi nyuma ndiye mwenye kosa. Kama huoni, shuka ukatazame. Ulishuka?"

Hassani hakuwa ameshuka.

Maiti akaruhusiwa kwenda kuzikwa. Ismaili ndiye aliyetangulia kuweka bega kwenye machela.

Mahakamani Hassani hakubisha. Alifungwa mwaka mmoja na nusu, leseni ikachukuliwa. Mama yake alifariki yeye akiwa gerezani, na habari zikamfikia baada ya arobaini. Alipasua mawe mchana kutwa, na jambo lililomla moyo halikuwa mawe. Ni ule ukimya. Mtu amekanyagwa na lori zima, na yeye Hassani hakusikia hata "mama!" Alijiona ni mnyama.

Siku ya tatu baada ya kutoka, alishika njia ya Mahurunga kwa miguu. Huko ndiko alikorudi Mzee Mussa, mjomba wake Iddi, aliyemlea tangu mdogo. Zamani alikuwa akikaa Chuno, palepale Mtwara, na maiti alipelekwa kwake.

Alimkuta akipalilia mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hassani. Dereva." Alipiga magoti palepale kwenye matuta. "Mimi ndiye niliyemuua mwanao. Nimekuja kuomba radhi. Ukinipiga kwa jembe hilo, sitanyanyua mkono."

Mzee Mussa aliliweka jembe chini, akaketi juu ya tuta.

"Kilichoandikwa kimeandikwa," alisema. "Lakini kuna jambo limenikaa hapa kifuani. Kwa nini ulimwacha? Ungemgonga ukaita watu, ningenyamaza. Ulimwachaje mwanangu alale nje kama mbwa?"

"Sikumwacha, mzee. Niliruka chini muda uleule. Ismaili, aliyekuwa akinipungia mkono nirudi nyuma, alikuwapo, watu wakaja mbio."

"Wakaja mbio, halafu mkamweka mpaka asubuhi?"

"Ilikuwa asubuhi, mzee. Jua linatoka. Inspekta alipomaliza kupima, wakamchukua moja kwa moja hadi kwako."

Mzee Mussa alitazama viganja vyake vyenye udongo, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Walimleta umande haujakauka," alisema polepole. "Wakaniambia, lori. Sikuuliza saa ngapi, mtu haulizi saa katika hali ile. Nilimwosha mimi mwenyewe. Nimeosha maiti maisha yangu yote, Hassani. Maiti wa asubuhi ileile huwa bado ana joto. Ukimkunja anakunjika. Iddi alikuwa wa baridi, amekakamaa kama mti, mikono tuliinyoosha watu wawili. Nikajua amelala huko usiku kucha."

"Ndiyo maana sikusikia ukelele," Hassani alisema.

Mzee alimsogelea, akamshika bega.

"Mwanangu, hebu niambie tena. Nani alikupungia mkono urudi nyuma?"