Hewa ya Saa Tisa

Perege alipoacha kuhangaika ndani ya chupa, Sikitu, mtaalamu wa samaki, alianza kupima upya hewa anayoivuta. Vipimo viwili vya kwanza alivitilia shaka, kwa kuwa samaki mwenye hofu huvuta oksijeni nyingi kuliko kawaida yake. Safari hii alisubiri mpaka mapezi yakatulia. Akapima na chupa nyingine ya maji yasiyo na samaki, ajue vijidudu vya majini peke yake vinavuta kiasi gani. Jibu likawa lile lile.

"Niambie tu, mwanangu," alisema Mzee Lukindo, mwenye bwawa. Pampu yake ya hewa ilikuwa imeungua jana, na fundi wa mjini aliahidi kufika kesho.

"Kwa wingi wa perege bwawani, baba, hewa iliyomo majini itaisha saa tisa alasiri."

"Leo?"

"Leo."

Mzee hakubisha; alikuwa amemwona akirudia asubuhi nzima. Alikunja suruali, akaingia bwawani, akaanza kuyapiga maji kwa mikono miwili ili yashike hewa. Perege waliposikia kishindo walikuja mbio kutoka kila upande, wakamzunguka miguuni, maana ndivyo alivyowaita kula kila siku.

Sikitu alijua kwamba kila anayekimbia anaimaliza hewa upesi zaidi. Alisogea hadi ukingoni amwambie mzee aache. Mzee akageuka kumtazama, amelowa hadi kifuani, mikono haijasimama.

"Wanakuja, mwanangu," alisema. "Unawaona? Wanakuja."