Sufuria la Chama

Marehemu shangazi yangu Mashavu alinisimulia haya mwaka nilipoposwa, tukichambua mchele uani. Enzi hizo chama chao cha wanawake kilikuwa kikiwapikia wazee wasio na watu. Mwaka mmoja bei zikapanda, wafadhili wakapotea.

“Jamani, tuuze sufuria, tufunge chama,” akasema mwenyekiti.

Bi Tatu, mwenzao mmoja, akalifudikiza lile sufuria kubwa, akalikalia. “Na wazee wale nini? Haya, liuzeni na mimi juu yake!”

Wakacheka hadi machozi. Kisha kila mmoja akaenda kwake, akarudi na konzi ya unga aliokuwa nao: mtama, muhogo, mahindi. Uji ukatoka rangi ya matope.

“Nani kakoroga udongo humu?” akauliza Mzee Sefu, mkubwa wa wale wazee. Akalamba bakuli, akaomba tena.

Wenzake wakalala. Yeye akasinzia wa mwisho, bakuli tupu kalikumbatia kifuani.