Mama ya Viwavi

Jumapili moja ya mwaka 1953, gamba la kiwavi lilipasuka mbele ya majirani wa kijiji cha Mpofi waliotoka misa.

"Muone!" Anastasie alipiga kelele, kikapu mkononi. "Kile kiwavi nilikataa kupika, njo hiki kinatoka!"

Kipepeo kikubwa cha kahawia kikampanda kidoleni, kikikunjua mabawa yaliyolowa. Watu wakarudi nyuma. Walikijua. Walikiita mjumbe wa wachawi, wakakiua kila kilipoingia nyumbani, huku wakilalamika kwamba viwavi vya kula vimepungua.

Katekista alikuwa ameshainua ufagio, nyuzi zake zikiwa bado na vumbi la mabawa ya jana.

"Papa, shusha!" Anastasie akasema, akicheka. "Huyu iko na mayai."