Taa ya Watu Watatu

Siku hizi kila nyumba huvuta hewa inayotoka kwenye tangi lake la mimea ya majini, na taa za matangi huuzwa kwa idadi ya watu. Mwajabu alisema wapo watatu: yeye, mumewe Sefu, na mama mkwe aliyekuwa anahamia kwao jioni ile. Muuzaji akampa taa ndefu nyeupe. "Tangi lako halibebi zaidi ya hii."

Sefu alipanda kwenye stuli, akatoboa dari, akaining'iniza kwa minyororo.

"Ishushe kidogo," alisema Mwajabu.

"Ikikaribia, maji yataota ute wa kijani na mimea itakufa. Shibiri mbili zinatosha, mke wangu."

Wakaiwasha. Majani yaling'aa, vipovu vikaanza kupanda, nyumba nzima ikanukia kama baada ya mvua. Sefu alicheka kama mtoto. Mwajabu naye akacheka, ingawa alikuwa na mimba changa ambayo hajamwambia mtu.

Mama alifika na begi lake, akaitikia shikamoo zao, akaisifu taa. "Watu watatu, raha mustarehe!" Kisha akamkumbatia mkwewe, akamshika kiuno, akakawia. Alipomwachia alikuwa anatabasamu.

Walikula wali wa nazi na kupiga soga chini ya mwanga ule mpaka wakashiba maneno. Sefu akainuka ampelekee mama begi chumbani.

"Liache tu hapo mlangoni, baba," alisema Mama kwa upole, akitazama taa, kisha tumbo la Mwajabu. "Watatu mmeshatimia."