Mtihani wa Viti

"Safu ya nne imepinda," mama mwenye nyumba alisema akiwa mlangoni. "Irudie."

Kiberiti aliinama, akairudia. Siku nyingine angewaka. Jina hilo wenzake chuoni hawakumpa bure. Lakini leo alikuwa ameapa hawaki, hata amwagiwe petroli. Msimamizi wa bweni alikuwa amemwambia wazi kwamba jioni akilikuta tena godoro lake sakafuni kwa rafiki yake, litalala nje, na mwenyewe atalifuata huko huko. Na vyumba vya karibu na chuo vilikuwa vimekwisha vyote, isipokuwa kimoja tu, nyuma ya ukumbi huu wa mikutano wa mama huyu.

Rafiki yake alimwonya mapema. "Yule mama hapangishi mtu mwenye mdomo. Anakupima subira kwanza. Kuna mmoja aliuliza tu kama maji hutoka kila siku, akaonyeshwa geti. Wewe kila atakachosema, itikia ndiyo mama. Na hizo suruali zako za kubana ziache huku huku."

Ndiyo maana Kiberiti alikwenda na shati kuukuu la mjomba wake, pana kama pazia. Alimkuta mama getini, akamwamkia kwa adabu zote, akamwambia amekuja kupanga.

"Mbona umechelewa?" mama alimkata. "Haya, ingia. Viti hivyo hapo ukumbini. Nataka safu zinyooke."

Kuchelewa kwenyewe hakukuwepo. Saa waliyoagana kwenye simu ndiyo hiyo hiyo aliyofika. Lakini alilikumbuka onyo la rafiki yake, akasema, "Ndiyo, mama," na moyoni akajiambia kumbe mtihani umeshaanza.

Viti vilikuwa vya plastiki, vimepandana karibu na dari na kung'ang'aniana kama watoto siku ya kwanza ya shule. Ukivuta kimoja, vinakuja vitano na kukuangukia mguuni. Kiberiti aliangukiwa, akauma mdomo, akaendelea. Mtaka cha mvunguni huinama, naye aliinama mpaka kiuno kikalia.

Ila kilichomuuma hasa si viti. Ni mpinzani wake. Dirisha la ukumbi lilitazama uani, na huko uani mama alikuwa akimtembeza mtu mwingine aliyetangulia kufika: mtu mzima, mvi zimeanza kumchungulia masikioni, amevaa koti, kalamu mfukoni. Huyu ni wa shahada ya uzamivu, Kiberiti aliwaza, na moyo ukamshuka. Wenye nyumba huwapenda sana hao. Hawapigi muziki, na wachumba wao walishawaoa zamani.

"Unasoma nini, baba?" mama alikuwa akimuuliza.

"Gazeti tu, mama. Nikilipata."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Msomi wa kweli hajikwezi," alisema. "Si kama vijana wa siku hizi. Haya, chumba ndicho hiki, na kitanda ndicho hicho. Kijaribu."

"Nilale?"

"Lala kabisa, usione haya. Ukiamka, bafu lile pale, na maji ya moto yapo."

Bwana yule alimtazama mama, akakitazama kitanda. "Sawa, mama. Lakini nianze lini?"

"Hata leo. Pumzika kwanza, mengine tutayaongea."

Bwana yule alikuna kichwa kama mtu mwenye neno, kisha akaketi kitandani. Akavua viatu.

Kiberiti roho ilimuuma. Yaani mwenzake anafanya mtihani amelala chali, na yeye anafanya wa kubeba. Hata hivyo hakuona ufunguo ukitolewa. Mambo bado, alijipa moyo, na akashika kazi upya. Alipanga, akapangua, akapanga tena. Akafuta vumbi kila kiti kwa pindo la shati la mjomba. Meza ya mbele aliambiwa aipeleke kushoto, ndiyo mama, kisha airudishe kulia, ndiyo mama. Mdomo ulimwasha kwa yale asiyoyasema.

Mchana ulipoingia, ukumbi ulikuwa kama umepigwa rula. Mama alipita kati ya safu akikagua, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Kijana, humu wamepita wapangaji wengi. Lakini mpangaji kama wewe sijapata kumwona."

Kiberiti machozi yalimlenga. Aliliona godoro lake juu ya kile kitanda, na daftari zake dirishani. "Kwa hiyo nimepita, mama?"

"Umepita sana. Nikiwa na mkutano mwingine, nitakuita wewe tu."

"Mkutano?" Neno ndiyo lilimkatalia kutoka. "Mama, na kile chumba je?"

"Chumba chako wewe kutoka wapi tena? Chumba nimeshampa yule msomi."

Kiberiti alivuta pumzi. Subira yote ya tangu asubuhi ilimpanda kooni, akafungua mdomo, sasa anawaka. Mlango wa uani ukafunguka kabla yake. Yule bwana aliingia taratibu, taulo begani, koti mkononi, macho mazito kwa usingizi mzuri.

"Mama, nimelala, na kuoga nimeoga, kama ulivyoniagiza," alisema kwa unyenyekevu. "Nisamehe na kule kuchelewa kwangu asubuhi. Sasa hivyo viti ulivyoniita nije kupanga viko wapi?"